Njumu za shaba za mlango: zipi ununue mtandaoni, na zipi uziache

Anayejenga nyumba hapa Unguja, Fuoni au Mbweni, na kumwagizia seremala mlango wa nakshi aghalabu hutumia muda mrefu kuchagua mbao, kubishana juu ya msaji na mfenesi, na kukagua michoro ya miimo na mfaa (mti wa katikati ya mabawa), kisha suala la njumu, yaani vile vichwa vya shaba vinavyotokeza juu ya mlango, akalimaliza usiku mmoja kwa simu. Huona picha inayong'aa, huuliza bei ya moja, hutuma pesa, na hukabidhi mzigo kwa fundi bila ya kuufungua. Matokeo yake huonekana baada ya masika mawili matatu, pale michirizi ya kutu inapoteremka kwenye mbao kutoka chini ya kila njumu. Mwongozo huu unazipanga njumu zinazouzwa mtandaoni kuanzia zinazostahili kununuliwa kwanza hadi zisizostahili kabisa. Vigezo vyangu ni vitatu, kwa uzito huu: shina la njumu, madini yenyewe, na asili ya mzigo. Mng'aro sikuuhesabu, kwani hata bati la rangi hung'aa siku ya kupigwa picha.

Anza na shina

Wanunuzi wengi hutazama kichwa cha njumu, ilhali kinachoharibika na kuharibu ni shina linaloingia ndani ya mbao. Njumu nyingi za bei nafuu zina kichwa cha shaba lakini shina lake ni bolti ya chuma iliyochomekwa wakati wa kusubu (kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu) au hata kugandishwa kwa gundi. Chuma kinapogusana na shaba kwenye unyevu wenye chumvi, ambao ndio hewa ya Unguja na Pemba mwaka mzima, chuma ndicho kinachoshindwa: huliwa kwa kasi kuliko ambavyo kingeliwa peke yake. Kutu yake huvimba, hupasua mbao kutoka ndani, na huacha doa jeusi ambalo msasa hauliondoi, khasa kwenye mbao zenye utomvu mkali.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote liwe hili: shina ni la madini gani, na limeunganishwaje na kichwa? Taka picha ya upande wa nyuma, na taka video fupi ya sumaku ikigusishwa kwenye shina, si kwenye kichwa tu. Shaba haivutwi na sumaku. Shina zuri ni la shaba lililosubiwa pamoja na kichwa kikiwa kitu kimoja, au bolti ya shaba iliyofungwa kwa nyuzi zake ndani ya kichwa kinene, pamoja na nati na washa za shaba au za stenlesi. Urefu nao upimwe mapema. Mlango wa unene wa milimita 50 unahitaji shina la milimita 65 hadi 70 ili nati na washa zipate pa kukaa, na shina lililopungua milimita tano tu humlazimisha fundi kuchimba shimo la nati ndani ya mbao na kuudhoofisha mlango.

Madini na namna ya kuyapima nyumbani

Shaba ya njumu ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mchanganyiko wa asilimia 70 kwa 30 ni laini zaidi na hufaa kukandamizwa kutokana na bati jembamba. Wa 60 kwa 40 ni mgumu na wa rahisi zaidi, na hutumika sana kusubu. Zinki ikizidi takriban asilimia 15, hewa na maji ya chumvi huweza kuila zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu, jambo unaloliona kama madoa ya rangi ya waridi yasiyoondoka kwa kusuguliwa. Kwa nyumba ya ndani ya mji hilo huenda taratibu mno na halina haja ya kukukosesha usingizi. Kwa mlango unaotazama bahari moja kwa moja, uliza kama kiwanda kinaweza kusubu shaba iliyoongezwa madini ya bati kiasi cha asilimia moja, kama ile inayotumika kwa vifaa vya vyombo vya baharini.

Wauzaji husema "shaba tupu" kwa kila kitu cha manjano. Dawa yake ni mizani ya jikoni na kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Pima njumu moja kwa gramu, kisha itumbukize ndani ya kikombe chenye maji na uone maji yamepanda mililita ngapi; gawa gramu kwa mililita. Shaba ya aina hii hutoa takriban 8.4 hadi 8.6. Njumu ya gramu 255 basi ipandishe maji kwa mililita 30 hivi. Ikiyapandisha karibu 39, mkononi mwako una mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya dhahabu, ambao uzito wake ni kama 6.6 kwa kila mililita. Na chuma, chenye 7.8, sumaku itakuwa imeshakifichua. Njumu yenye uwazi ndani igeuzwe ndani ya maji mpaka hewa yote itoke, la sivyo hesabu itakudanganya. Kipimo hiki hakiwezekani kabla ya kuwa na sampuli, na ndiyo sababu sampuli ni sharti katika kila agizo linalotoka mbali.

Ya kwanza: masalio ya miradi

Chaguo ninalolipendekeza mbele ya mengine ni njumu mpya zilizobaki baada ya kazi ya hoteli au nyumba kubwa. Mkandarasi huagiza nyingi kuliko mahitaji, kazi ikiisha fundi au msimamizi hutangaza masalio kwenye makundi ya simu na kurasa za mnada, na mara nyingi mzigo uko hapa hapa Unguja, kwa hiyo unaweza kwenda na sumaku na mizani yako kabla ya kutoa hata shilingi. Ushuru umeshalipwa na aliyeagiza, na kwa kuwa zimetoka kwenye kalibu moja, vichwa vinafanana.

Kasoro yake ni idadi. Mlango wa mabawa mawili wenye safu saba za njumu nne kila bawa unahitaji njumu 56, na masalio ya 40 hayakusaidii isipokuwa fundi akubali kubadili mpangilio kabla hajatoboa. Mpelekee seremala idadi na kipenyo cha kitako (upande wa njumu unaolala juu ya mbao) kabla ya kulipa, kwa sababu njumu pana kwenye fito nyembamba hufunika nakshi uliyoilipia. Uliza pia uthibitisho kwamba mwenye mradi anajua kuwa masalio yanauzwa. Risiti ya zamani au simu moja kwa mkandarasi inatosha, na muuzaji mkweli hachukizwi nayo.

Ya pili: za kusubiwa kutoka India

Nasaba ya njumu katika milango yetu ni ya Kihindi, na hadithi kwamba njumu ziliwekwa kuzuia tembo wa vitani wasivunje milango, ambayo watembeza wageni huisimulia kila kona ya Mji Mkongwe, kisiwani pasipo tembo, inatokana na huko huko. Leo pia viwanda vingi vya shaba vipo India: Moradabad, katika jimbo la Uttar Pradesh, ni mji maarufu kwa vyombo na mapambo ya shaba, na Jamnagar, Gujarat, ni maarufu kwa vipuri vya shaba kama bolti, nati na viungio. Nani wa kumwagizia? Kwa njumu yenye kichwa cha mapambo, nenda kwa wa Moradabad. Kwa shina, nati na washa zilizokatwa kwa kipimo, wa Jamnagar. Wapo wanaokuuzia vyote viwili kwa pamoja, lakini uliza nani aliyetengeneza nini.

Agizo lako liandikwe kwa milimita na kwa gramu, si kwa maneno kama "kubwa" na "ya kawaida". Taja kipenyo cha kitako, kimo cha kichwa, urefu na unene wa shina, uzito wa njumu moja, na kwamba shina liwe la shaba. Uzito ukiandikwa kwenye hati ya bei, kiwanda hakiwezi kukuletea kichwa chenye uwazi kikadai ni kile kile. Lipia sampuli mbili au tatu pamoja na usafirishaji wake hata kama zinaonekana ghali. Ukizipima na kuridhika, ziweke kabatini ili zilinganishwe na mzigo utakapofika.

Bei ya mwisho ndiyo inayowashangaza watu. Njumu 56 za gramu 250 kila moja ni kilo 14 za shaba kabla ya nati na sanduku, na kwa ndege kila kilo inalipiwa. Ushuru wa forodha nao haukadiriwi kwa bei ya kiwandani peke yake: hukadiriwa kwa bei ya mali ikijumlishwa na nauli na bima, kisha kodi nyengine zikafuata juu yake. Mwulize wakala wa forodha akupe makisio kabla hujaagiza, na ikiwa majirani wawili watatu wanajenga, changieni sanduku moja ndani ya kontena la pamoja. Usafiri wa baharini unachelewa, ila mlango nao haumaliziki haraka.

Ya tatu, au ya kwanza kwa mwenye mlango wa kale: njumu zilizokwishatumika

Hapa mpangilio wangu unagawika. Kwa mlango mpya, njumu za kale ni tabu: hazitimii idadi, vipenyo vinapishana, na mashina aghalabu yamekatwa au yamepindwa wakati wa kung'olewa. Kwa mlango wa kale uliopotelewa na njumu tano au sita, hakuna mbadala, kwani rangi ya shaba iliyokaa miaka mingi kwenye hewa ya hapa haiigiki kwa dawa.

Jambo la kuangalia kwa makini ni asili. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kugusa mlango wa nyumba yake kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Njumu inayouzwa kwa picha moja, na muuzaji asiyetaka kusema ilitoka nyumba gani, iache. Vivyo hivyo anayejigamba kwamba zake zimetoka Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020: ama anadanganya, ama anauza kisichokuwa chake. Muuzaji mzuri ana picha ya mlango mzima kabla ya kubomolewa na jina la mwenye nyumba aliyekubali kuuza.

Ukizipata, usimruhusu mtu azing'arishe kwa mashine. Maji safi na kitambaa kikavu vinatosha.

Ya nne: za kusubiwa upya kutokana na chakavu

Wapo mafundi wanaoyeyusha mabomba, vali na makoki ya zamani na kusubu njumu kwa kalibu ya mchanga, na hutangaza kazi zao kwa picha. Kwa njumu mbili za kujazia pengo, ukimpelekea fundi moja ya asili aifuate, ni njia ya busara. Kwa seti nzima siipendekezi: kila chungu cha chakavu kina mchanganyiko wake, rangi hupishana kati ya safu na safu, na njumu yenye vishimo vya hewa chini ya kichwa huvunjika nati ikikazwa. Fundi akikwambia atatumia maganda ya risasi kwa kuwa ni shaba nzuri, madini yake kweli ni mazuri, ya 70 kwa 30, lakini ganda ambalo kiwashio chake hakijalipuka hufyatuka ndani ya tanuri. Kazi hiyo usiikubali.

Ya tano: za bati la shaba lililokandamizwa

Hizi ni nyepesi, ndani zina uwazi, na kwa kasha la njumu au mlango wa chumbani zinafaa kabisa. Kwa mlango wa nje zina maradhi yake. Bati lililokandamizwa hubakiwa na mkazo ndani yake, na mkazo huo ukikutana na amonia shaba hupasuka yenyewe. Jeshi la Uingereza lililijua hilo India, ambako maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na farasi yalikuwa yakipasuka msimu wa mvua, na utafiti uliochapishwa mwaka 1921 ukaeleza kuwa chanzo ni amonia ya mkojo wa farasi. Uliza kama njumu zilipashwa moto baada ya kukandamizwa ili kuondoa mkazo, na usizitumie karibu na banda la mbuzi. Dawa za kung'arishia zenye amonia nazo zisitumike juu yake.

Za kuacha

Njumu za chuma au za zinki zilizochovywa rangi ya shaba hazina nafasi kwenye mlango wa nje visiwani. Zikikwaruzwa siku ya kufungwa, mchezo umekwisha.

Malipo na kupokea mzigo

Kwa muuzaji wa Unguja, Pemba au Dar es Salaam, lipa baada ya kupima. Kwa wa mbali, kubalianeni malipo ya awali na salio litakalotolewa baada ya kuona picha za mzigo wote ukiwa kwenye mizani, jumla ya kilo ikisomeka. Agiza njumu nne au tano za ziada kutoka kwenye kalibu ile ile, maana mwakani kiwanda kitakuwa na kalibu nyengine. Mzigo ukifika, hesabu, pima njumu chache kutoka chini ya sanduku na si za juu tu, pitisha sumaku kwenye mashina yote, na jaribu nati kwa mkono kwenye kila shina kabla fundi hajawasha keekee.