Rehani juu ya piza: mimi na mama yangu kwenye mkahawa wa Kiitaliano, Malindi

Mama yangu ana miaka 71, na chakula cha nje kwake ni mahamri ya jirani. Hali mahali asipomjua mpishi. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Jumamosi tunakwenda Malindi, yeye, mimi na binti yangu wa miaka tisa, kula chakula cha Kiitaliano, aliniuliza swali moja tu: "Watatutilia divai?"

Naandika haya kwa ajili ya swali hilo. Nilipotafuta maoni ya watu kabla ya kwenda, karibu yote yalikuwa ya wageni wanaosifu mandhari na bei ya kamba. Hakuna aliyeuliza anachouliza mtu wa Mombasa, Lamu au Kilifi anapomtoa mzazi wake kwenda kula.

Kwa asiyeijua Malindi: Waitaliano hawakuja jana. Walifika miaka ya 60 kwa ajili ya mradi wa San Marco, ule wa kurusha roketi kutoka kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya mji. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti iliyorushwa kutoka hapo ilipewa jina la Uhuru. Nyuma ya mafundi wakaja watalii, nyuma ya watalii wakaja wenye hoteli na nyumba, na leo utamsikia kijana wa Kigiriama akibishana bei ya tuktuk kwa Kiitaliano kilichonyooka. Ndiyo maana mji mdogo kama huu una piza na aiskrimu ambazo Nairobi utazitafuta.

Mkahawa wenyewe ni mdogo. Meza tisa chini ya makuti, sakafu ya saruji nyekundu, mwarobaini mmoja uani, na tanuri la kuni linaloonekana kutoka kila kiti. Hauko ufuoni, na nadhani ndiyo sababu bei zake zinavumilika. Tulitoka Mombasa saa mbili asubuhi kwa matatu, tukapita Mtwapa na Kilifi, tukafika kabla ya adhuhuri. Tuliswali kwanza mjini, kisha tukachukua tuktuk.

Nianze na lililoniuma, nisije nikalisahau kwa utamu wa chakula. Mlinzi wa getini alitusimamisha akatuuliza kama tumeweka nafasi. Nilikuwa nimepiga simu siku mbili kabla, nikamwambia. Akaingia ndani kuuliza, tukabaki juani, na wakati huohuo wazungu wawili wakapita wakasalimiwa tu. Mama hakusema neno, alirekebisha mtandio wake. Nilipoketi nilimweleza msimamizi, mama mmoja wa Kiitaliano mwenye umri wa mama yangu, na nashukuru hakuanza kujitetea. Alikwenda getini mwenyewe, akarudi na yule mlinzi, na kijana akamwomba mama yangu radhi kwa adabu. Mama akamwambia, "Haidhuru mwanangu, ila siku nyingine mtu mzima umpe kiti kwanza." Jambo likaishia hapo. Lakini mikahawa ya pwani yetu ina ugonjwa huu, na mwenye mkahawa anayesoma haya aende akasimame getini kwake saa moja, atazame nani anaulizwa na nani haulizwi.

Mhudumu wetu alikuwa mtu wa huko huko. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Baada ya hapo mama akatulia, akauliza swali lake bila kuona haya. Jibu alilopewa ndilo lililonifanya niuamini mkahawa huu. Hakusema "hakuna shida" kama wanavyosema wengi. Alisema, "Mama, subiri niulize jikoni, nisikudanganye." Akarudi na mpishi mwenyewe.

Mpishi ni mzaliwa wa Malindi, mtu wa miaka hamsini na kitu. Aliingia jikoni kwa Waitaliano akiwa kijana wa kuosha sufuria, na tambi alifunzwa na mama wa Kiitaliano aliyekuwa akimpiga kijiko cha mkononi akizivunja kabla ya kuzichemsha. Alitufafanulia moja moja. Tambi za vyakula mchanganyiko vya bahari zinatiwa divai nyeupe mwanzoni, kitunguu saumu kikishaanza kunukia. Wanaodai kwamba divai yote huruka na mvuke wanakosea, akasema, kuna inayobaki. Lasanya yao nyama yake ni ya ng'ombe lakini mchuzi una divai nyekundu. Tambi za mayai na chizi wanazoziita carbonara zina nyama ya shavu la nguruwe, hizo tusizitazame. Tiramisu ina pombe. Tambi za kaa hazina divai, na piza ya nyanya haina kitu. "Na sufuria?" mama akauliza. Akasema atatumia kikaango kipya na kijiko kipya, na kamba atawachoma kwenye wavu uliosuguliwa, kwa ndimu na chumvi tu. Mimi nikauliza juu ya chizi, kwa sababu Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enyo cha tumbo la ndama, na kuna wanaojihadhari nayo. Akacheka: kwenye tambi za samaki na kaa, Waitaliano wenyewe hawatii chizi, na mgeni akiomba wanamtazama vibaya.

Basi tukaagiza tambi za kaa, kamba wa kuchoma, na piza ya margherita kwa ajili ya mtoto.

Piza ilitangulia. Tanuri lile huwashwa tangu asubuhi, na mpishi alituambia piza ya namna ya Napoli inataka joto la nyuzi 450 hivi na haikai ndani zaidi ya dakika moja na nusu. Mama alinyanyuka kwenda kutazama. Aliporudi akasema, "Hii ni mofa, ila wameitandaza." Hakukosea sana: unga, maji, chumvi, hamira, na ukuta wa moto. Ukingo wake ulikuwa umevimba na kubabuka madoa meusi, ndani mwepesi, una uchachu wa mbali wa unga uliolala usiku kucha. Katikati ilikuwa majimaji, na hapo sikupenda. Najua piza ya Napoli huwa laini katikati, lakini hii ilichuruzika hadi mtoto akaila kwa kijiko. Nyanya zilihitaji kuchujwa zaidi.

Kilichomshangaza mama ni majani. Aliokota jani moja juu ya piza, akalisugua kwa vidole, akalinusa. "Hii si rehani?" Ni rehani. Hiyo hiyo tunayoichanganya na asmini kwenye kikuba, inayonukia kwenye mto wa bibi harusi. Alikaa nayo puani muda mrefu. Mjukuu wake akamuuliza mbona anakula ua la harusi, na mama akaanza kumsimulia harusi yake mwenyewe, mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Nilisahau kupiga picha ya chakula, na sijutii.

Halafu tambi za kaa. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Sisi tambi tunazijua. Tunazikaanga mpaka ziwe nyekundu, tunazipika kwa sukari, iliki, zabibu kavu na tui, zinalainika mpaka zinashikana, na hivyo ndivyo tunavyozitaka wakati wa futari. Kwa hiyo mtu wetu akipewa tambi za Kiitaliano, la kwanza atakalosema ni kwamba hazijaiva. Waitaliano husema al dente, yaani kwa jino: katikati ya uzi ubaki ukinzani mdogo unaouhisi unapotafuna. Za siku ile zilikuwa za unga na mayai, zimekandwa asubuhi, na kipimo alichotupa mpishi ni yai moja kwa kila gramu mia za unga. Zilikuwa pana kiasi cha upana wa kidole cha mtoto. Tambi mbichi za mayai hazina ugumu ule wa zile kavu za pakiti, na hilo lilimsaidia mama. Aliuma, akatulia, akauma tena. "Zimeiva," akasema. Kwangu hukumu hiyo inazidi nyota zozote.

Kaa alitoka Mida, karibu na Watamu, kule kwenye mikoko. Ni kaa wa matope, mwenye gando nene, siyo wale wembamba wa mchangani. Nyama yake ilikuwa nyeupe, tamu, imechambuliwa kwa mikono wala hapakuwa na kipande cha gamba hata kimoja. Ilikuwa na kitunguu saumu, nyanya ndogo zilizopasuka kwa moto, pilipili kavu kidogo na mafuta ya zeituni. Basi. Mchuzi ulishika kwenye kila uzi bila kuwa mzito, na mama, ambaye hawezi kuacha kuuliza, alimwita tena mpishi: amegandisha kwa nini, mbona hakuna tui wala unga? Jibu: maji yaliyochemshia tambi. Huchota kikombe kabla ya kuchuja, akakimimina kwenye kikaango, akatikisa na mafuta juu ya moto mkali. Wanga wa tambi unayashikanisha maji na mafuta. Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi miaka sabini. Miaka yote tumekuwa tukimwaga maji hayo.

Kamba walikuwa wazuri na sina mengi ya kusema. Walitoka Ngomeni, wakubwa, hawakukaushwa na moto, na ndimu ilikuwa yetu ya pwani yenye harufu. Mtu yeyote wa Malindi angewachoma hivyo. Bei yao, shilingi 1,900 kwa kamba sita, niliiona kubwa. Tambi za kaa zilikuwa 1,600 na zilitushibisha watu wawili.

Huo ndio ushauri wangu kwa atakayekwenda: agiza kile ambacho mikono ya Kiitaliano imekifanyia kazi na bahari yetu imekitoa. Meza ya jirani waliletewa nyama baridi na chizi za kukatwakatwa kutoka Italia, sahani ndogo kwa shilingi 2,400, vimekauka pembeni kwa safari ndefu. Aliyekula hivyo hakuila Malindi, na Italia hakufika.

Baada ya hapo mtoto akapata aiskrimu ya embe. Ilikuwa Januari, msimu ungalipo, na lilikuwa embe hasa, lina nyuzinyuzi ndogo ulimini. Mama alichagua ya ndimu, isiyo na maziwa. Kisha kahawa. Nilidhani ataikataa, lakini ilipokuja kwenye kikombe kidogo, nyeusi, nzito, na glasi ya maji pembeni, akaipokea kama aliyezaliwa nayo. Kahawa chungu ya barazani imetuzoesha kikombe kidogo na uchungu. Iliyokosekana ni tende na tangawizi tu, na mama alilisema hilo wazi kwa msimamizi, naye akalisikiliza kwa makini.

Bili ilikuwa shilingi 6,100 kwa watu watatu. Ndani yake mlikuwa na shilingi 300 za "mkate na meza" ambazo hatukuambiwa. Italia ni desturi ya kawaida kutoza kitu cha namna hiyo, lakini hapa hakuna anayeijua, basi iandikwe. Tatizo kubwa zaidi ni orodha ya vyakula: imeandikwa Kiitaliano na Kiingereza, hakuna hata mstari mmoja wa Kiswahili, katika mji ambao mpishi, mhudumu, mvuvi na mlinzi wote wanasema Kiswahili. Mstari mmoja chini ya kila chakula, "kina divai" au "hakina", ungewaletea wageni wengi wa kwetu.

Mengine kwa haraka: wanapokea M-Pesa. Pigeni simu mapema, na hapo hapo mseme mnataka kikaango kisichoguswa na divai. Chakula kilichukua karibu dakika hamsini kufika, kwa hiyo mwenye watoto achukue kitu cha kuwashughulisha. Mvua za masika zikianza wageni huondoka na mikahawa mingi ya namna hii hufunga hadi Julai, msiende bila kuuliza. Choo kilikuwa safi na kina maji ya kutawadhia.

Ijumaa iliyofuata, Mombasa, mama alinituma Marikiti nikamtafutie kaa wawili wenye gando nene. Tambi zilikuwa za pakiti, za kwetu, nyembamba. Alichota maji kikombe kimoja kabla ya kuchuja, akayaweka kando akiyafunika kwa sahani, na alipomaliza kumimina akaongeza vijiko viwili vya tui bila kumuuliza mtu.