Chungu kipi ununue kwa dungusi, shubiri na jamaa zake

Kwenye vitalu vya kando ya barabara hapa Dar es Salaam, mnunuzi huchagua mmea kwanza, kisha anachukua chungu chochote kilicho karibu. Nakuomba uanze na chungu. Mimea hii huweka akiba ya maji kwenye mashina na majani, kwa hiyo kiu haiiui upesi. Kinachoiua ni udongo uliolowa siku nyingi: mizizi inakosa hewa, inaoza, na mvua za masika zinamalizia. Nilipoteza waridi la jangwani la miaka minne kwenye chungu kizuri kisicho na tundu, na hadi leo linaniuma.

1. Chungu cha udongo wa kuchoma, kisichopakwa rangi. Kwa Pwani hakina mpinzani. Maji hutoka chini kwenye tundu na pia hupenya ubavuni, ndiyo maana udongo hukauka mapema hata hewa ikiwa nzito. Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu. Dondoshea tone la maji ubavuni. Likinywewa, chungu kinapumua. Kigonge kwa kidole: sauti ya kengele ni uzima, sauti ya kukwaruza ni ufa. Halafu tazama tundu, liwe linapitisha kidole. Vile vilivyopakwa rangi ya mafuta vinapendeza, lakini rangi imeziba vinyweleo vyote, navyo sasa ni sawa na plastiki.

2. Plastiki yenye matundu mengi. Ni nyepesi na rahisi. Kwa Dodoma, kwenye ukavu na upepo, ningeipandisha hadi namba moja, kwa sababu huko chungu cha udongo hukauka kupita kiasi. Chagua rangi nyeupe. Nyeusi juani huchemsha mizizi. Ndoo ya rangi iliyosafishwa na kutobolewa inafaa vilevile.

3. Saruji. Inafaa mmea mrefu wa nje unaoangushwa na upepo. Kikiwa kipya, kiloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, maana saruji mbichi ina chokaa kali.

4. Kauri inayong'aa na bakuli za kioo. Acha, kama hazina tundu. Muuzaji atakwambia uweke kokoto chini. Kokoto haitoi maji nje; inayasogeza tu karibu na mizizi.

Ukubwa: chungu kizidi bonge la mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Kikubwa mno hubaki na maji yasiyo na mnywaji. Na mmea uliouzwa kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa miche), utoe kwenye ule udongo mzito. Changanya mboji na mchanga mkavu wa mto, nusu kwa nusu. Mchanga wa baharini una chumvi, usiuguse.

Ukitaka kuotesha mingine, nunua sinia la udongo pana, lenye kina kifupi na matundu. Kipande cha dungusi kiache kivulini hadi kidonda kikauke, kama wiki moja, ndipo ukipande. Shubiri usiioteshe kwa jani, litaoza. Tenga vichipukizi vya pembeni. Sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, ikiwa na kingo za njano nayo igawanye kwenye shina lililo chini ya udongo, kwa sababu kipande cha jani lake huchipua kijani kitupu.