Maoni yangu kuhusu tuzo ya European Language Label kwa walimu wa lugha

Kwa wote mnaofundisha lugha huku Ulaya, iwe Kiswahili kwa watoto wetu kila Jumamosi au Kifaransa shule ya msingi, hii tuzo ya European Language Label naona waswahili wengi hawaijui kabisa, na wengine wakiisikia wanadhani ni mambo ya maprofesa tu. Sio hivyo. Ni ya miradi mipya ya kufundisha au kujifunza lugha, kuanzia chekechea mpaka watu wazima, na kwangu mimi ni nyota nne kati ya tano.

Wazo lilitoka kwenye waraka wa Tume ya Ulaya wa mwaka 1995, likaanza kufanyiwa kazi 1998, na siku hizi inaendeshwa chini ya Erasmus+, ule mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya. Tume inatoa vigezo na vipaumbele ila kila nchi ina majaji wake na inatoa tuzo zake. Wajerumani wanaiita Europäisches Sprachensiegel, Wafaransa Label européen des langues. Hii mi naipenda maana kadarasa kenu kanapimwa na watu wanaojua shule za hapo zikoje, hakalinganishwi na chuo kikubwa cha nchi nyingine. Walioko Uingereza pole yenu, kule walishatoka Erasmus+ baada ya Brexit.

Sasa vigezo ndo vimenifurahisha kuliko vyote. Wanataka mradi uwe na ubunifu, uwape hamu wanafunzi na walimu wenyewe, ulete faida kwa nchi husika, halafu kuna hiki ambacho ningekipa uzito wa kwanza, kwamba mwalimu mwingine mahali pengine aweze kuuchukua akautumia. Chukulia watoto wetu hawa wa diaspora, mama akiongea Kiswahili mtoto anaelewa vizuri tu ila anajibu kwa Kijerumani, ukimpa kitabu cha watalii cha hujambo sijambo anachoka dakika kumi tu kashaanza kuangalia saa. Lakini mwambie amrekodi bibi yake wa Tanga kwa voisi ya WhatsApp akisimulia walivyokuwa wanapika futari zamani, kisha darasani wasikilize pamoja, waandike walichosikia, wagombane bibi kasema nini pale katikati, halafu warudi kumuuliza, hapo mtoto anaongea mwenyewe bila kusukumwa kwa sababu anataka jibu. Na hiyo njia mwalimu wa Kisomali au Kitigrinya akiisikia leo kesho anaitumia, hahitaji kununua chochote. Tuzo inayouliza swali hilo inamlazimisha mwalimu aache kufikiria darasa lake peke yake, na mimi hapo nawapa heshima yangu yote.

Kitu kingine, haijafunga mlango kwa lugha zetu. Vipaumbele vinabadilika kila baada ya muda, 2012 na 2013 kwa mfano kimojawapo kilikuwa madarasa yenye lugha nyingi, na mwaka 2019 Baraza la Umoja wa Ulaya likapitisha pendekezo kuhusu ufundishaji wa lugha ambalo linagusa pia lugha wanazotoka nazo watoto nyumbani. Kwahiyo Kiswahili kina pa kusimamia, msiogope.

Nyota moja niliyoipunguza ni kwa sababu ya hela. Kinachotolewa hasa ni cheti na ruhusa ya kutumia nembo, kama kuna zawadi ya fedha basi inategemea nchi. Cheti kinasaidia kweli, unaenda nacho manispaa kuomba chumba wanakusikiliza tofauti, lakini mwalimu wa kujitolea anayenunua karatasi na wino kwa mfuko wake anahitaji zaidi ya nembo. Miradi mingi ya lugha inakufa pale ufadhili unapoisha, websaiti haifunguki tena, mazoezi mazuri yote yanapotea, sasa hiyo habari ya wengine kuiga wataiga wapi?

Na kiukweli naumia nikifikiria nyumbani. Tuzo za Kiswahili zinazovuma kwetu ni za uandishi, kuna ile ya Safal-Cornell iliyoanza kama Mabati-Cornell, kuna ya Mwalimu Nyerere, zote nazipenda na ziendelee. Ila mwalimu wa darasa la pili huko Usukumani ambaye watoto wanamjia hawajui Kiswahili na mwaka ukiisha wanasoma, mbinu zake nani anazijua? Akistaafu zinaondoka naye. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, wapo, mfumo huu wa vigezo vya pamoja na majaji kila nchi unaingia vizuri kabisa kwenye Jumuiya yetu, na siku ya kutoa tuzo tayari tunayo, 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani.

Kwa mnaotaka kuomba huko mliko, anzeni na ofisi ya taifa ya Erasmus+ ya nchi yenu muulize mzunguko unafunguliwa lini na fomu inajazwa kwa lugha gani. Na anzeni kukusanya ushahidi sasa hivi, kazi za watoto za mwanzo wa mwaka na za mwisho, sauti, maoni ya wazazi, ruhusa ya wazazi ya kutumia picha kwa maandishi, maana vitu hivyo kuvitafuta baadae ni kazi ngumu sana.