Sabuni ya maji "asilia": mikono imepona, jalala limejaa

Mwanangu wa mwisho ana pumu, na mimi mikono hunichanika nikitumia sabuni kali. Ndiyo maana nilihamia sabuni ya maji ya vyombo na nguo iliyoandikwa "asilia", chupa ya lita moja, kutoka supamaketi moja hapa Dar.

Kwa afya sina lawama. Haina harufu, povu lake dogo, vyombo vinatakata na mikono haikakamai. Shida ni chupa: plastiki nene, imevishwa nailoni, na pampu ina springi ya chuma ndani, kwa hiyo hata waokota chupa mtaani wanaikataa. Nikauliza dukani kama wanajazia chupa ikiisha. "Hapana mama, unachukua nyingine tu." Na bei yake ni ya sabuni za mche za mwezi mzima!

Upande wa pili kuna jirani anayetengeneza sabuni nyumbani na kukujazia kwenye chupa yako mwenyewe. Kwa mazingira nani atamshinda? Lakini manukato anamimina kwa kukadiria, slesi (kemikali ya kutoa povu) kaweka kiasi gani anajua yeye, na ukifungua kifuniko tu mtoto anaanza kukohoa. Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, hana. Wenye nembo nao wanakuandikia "perfume" basi, na neno hilo moja linaweza kubeba kemikali chungu nzima.

Usiniulize kuhusu mifuko mbadala. Tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, hii mbadala tunaibeba kwa madaha, kumbe nayo ni polipropilini, plastiki vilevile. Mimi na kikapu changu cha ukindu.

Kwa vyombo nimerudi kwenye sabuni ya mawese ya Kigoma, ile inayokatwa vipande gengeni bila kifungashio, na dodoki badala ya sponji. Masufuria ya mafuta inayaweza. Ila maji yetu ya kisima yana chumvichumvi, povu halitoki vizuri na glasi zinabaki na utando mweupe. Nasuuzia maji yenye ndimu, utando unapungua. (Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isisogee hapo: ikichanganyika na ndimu inatoa gesi ya klorini, na kwa mwenye pumu ni balaa.)

Ile "asilia" nimeibakiza kwa nguo za mtoto. Nyota tatu kati ya tano. Wakianza kujazia dukani, naongeza ya nne.