Kisanduku cha kutambulisha alkoholi maabara: vitendanishi vizuri, maelekezo yana kasoro

Mwezi uliopita niliwanunulia wanafunzi wangu wa Kidato cha Sita kisanduku cha kutambulisha alkoholi, chenye chupa ya mililita 100 ya potasiamu daikromati, asidi ya salfuriki iliyokwisha kuzimuliwa, kitendanishi cha Lucas (mchanganyiko wa zinki kloridi na asidi ya hidrokloriki kali, unaotofautisha madaraja ya alkoholi kwa kasi ya kutoa ukungu) na karatasi moja ya maelekezo.

Kuhusu ubora wa vitendanishi sina malalamiko hata kidogo. Tulitia matone ya ethanoli katika mrija wa majaribio, tukaongeza asidi na daikromati kidogo, kisha tukausimamisha mrija katika kopo la maji ya moto. Rangi ya chungwa ikachafuka kwanza, ikawa kama hudhurungi, na baada ya muda mfupi ikatulia kuwa kijani kilichokolea, bila haja ya kuongeza chochote. Niliwaeleza kwamba mageuzi hayohayo ya rangi ndiyo Robert Borkenstein wa Marekani aliyoyatumia mwaka 1954 katika kifaa chake cha kupima pumzi za madereva.

Lakini anayepima pumzi ya dereva anajua tangu mwanzo anatafuta ethanoli, ilhali mwanafunzi amekabidhiwa kimiminika asichokijua. Hapo ndipo karatasi inapopotosha, kwa kuwa inadai kwamba kijani kinathibitisha alkoholi na kwamba chungwa ikibaki, alkoholi haimo. Aldehaidi, ambazo si alkoholi, nazo hugeuza daikromati kuwa kijani, na alkoholi za daraja la tatu (ambazo kaboni yenye kundi la OH imeungana na kaboni nyingine tatu) haziigeuzi. Mwanafunzi mmoja niliyempa 2-methilipropani-2-oli, ambayo ni ya daraja hilo la tatu, aliandika kwa uhakika kabisa kwamba si alkoholi, na sikuweza kumlaumu, kwani alifuata karatasi neno kwa neno. Tulipoijaribu kwa kitendanishi cha Lucas, ikatoa ukungu papo hapo. Propani-2-oli, ya daraja la pili, ilichukua dakika kama 5, na ethanoli, ya daraja la kwanza, ikabaki angavu. Chupa ya kusahihisha kosa imo kisandukuni, ila karatasi haisemi popote kwamba majaribio haya mawili yanategemeana.

Jambo lililonisikitisha zaidi ni usalama. Kromiamu iliyo katika daikromati ni sumu na huweza kusababisha saratani, lakini hakuna glavu wala chombo cha taka, na karatasi inaagiza mabaki yamwagwe kwenye sinki. Sisi tuliyakusanya katika chupa ya kioo yenye kifuniko na lebo.

Nitakinunua tena kwa ajili ya vitendanishi vyake. Karatasi nimekwisha kuitoa, na mahali pake nimeweka niliyoiandika mwenyewe.