Toyota Vitz au Mazda Demio: Gari Ndogo Ipi Itadumu Mombasa?
Kwa spea, Vitz iko mbele: karibu kila fundi wa mtaani anaijua. Ile ya injini ya cc 996 ina silinda tatu, hula mafuta kidogo, lakini ikibeba watu watano na AC ikiwaka, kupanda kutoka ferini Likoni inalemewa. Demio ya cc 1,300 inavuta vizuri zaidi, imetulia safari ya Malindi.

Kwa kutu ya hewa ya bahari hakuna mshindi. Mimi huinama kila mwezi kuchungulia kingo za milango. Kutu huanza na kivimbe kidogo chini ya rangi. Osha chini ya gari pia, tena usitumie maji ya kisima yenye chumvi.

Wa mizunguko ya mjini, Vitz. Mwenye familia na safari, Demio, mradi fundi wake aijue.