Forester ya turbo ya 2004 na oili tatu nilizojaribu hapa Dodoma

Gari yangu ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004, ile ya turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi), injini cc 2000. Niliinunua kwa kaka yangu ikiwa imeshatembea kilomita 168,000, na yeyote aliyewahi kumiliki turbo ya zamani ataniambia nilijitakia. Naishi Nkuhungu, kazini ni Mtumba, na karibu kila mwezi nateremka Morogoro kumwona mama. Tangu niipate nimeitia oili za aina tatu. Mbili za kwanza zilinifundisha kwa pesa yangu, ya tatu ndiyo naendelea nayo.

Ya kwanza ilikuwa 20W-50. Gari ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu asubuhi, nikaipeleka kwa fundi kijana mmoja jirani na nyumbani. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa suruali, akatikisa kichwa. "Dada, gari imezeeka hii, vyuma vimelegea. Tia nzito, itatulia." Kwa akili ya kawaida inaingia: uji mzito hauvuji kwenye chekecheke. Na kweli, wiki za mwanzo moshi ulipungua, nikamsifia kijana wa watu hadi kazini.

Ukafika mwezi wa sita. Dodoma ya Juni na Julai mnaijua, upepo ule na alfajiri nyuzi 13 au 14. Nikiwasha gari inagonga sekunde kadhaa kama mtu anapiga sufuria kwa mwiko, halafu ndiyo inatulia. Ile 20 iliyo mbele ya W ndiyo inayosema oili itakuwa nzito kiasi gani ikiwa ya baridi (namba ya mwisho ni uzito wake ikiwa ya moto), na injini haisubiri oili ifike ndipo ianze kuzunguka. Baadaye ikaja filimbi. Kila nikikanyaga mafuta kutoka Ihumwa kwenda mjini, nasikia mluzi mwembamba chini ya boneti.

Hapo ndipo niliposoma mgongo wa dumu kwa mara ya kwanza. Mbele kulikuwa na picha ya gari ya mbio. Nyuma, kwa herufi ndogo, API SF. API ni taasisi ya petroli ya Marekani, na herufi hizo mbili ni daraja lao la ubora wa oili kwa injini za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili inavyokuwa ya kisasa zaidi. SF ilitoka 1980, na API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. Gari yangu ya 2004, tena ya turbo, ilikuwa inanyweshwa oili ya zama za kina baba. Uzito ulikuwa nusu tu ya tatizo.

Nikaelekezwa kwa fundi mtu mzima, gereji yake iko Kizota. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika marahaba huku ameinamia boneti. Mluzi alikwishausikia nilipokuwa naingia getini. Hakugusa turbo kwanza. Alikwenda kwenye bolti moja yenye tundu, inayoshika bomba la kupeleka oili kwenye turbo. Kwenye injini hizi, ndani ya bolti hiyo kuna kichujio cha wavu, kadogo kama punje ya hindi. Akakitoa kwa koleo ya ncha nyembamba, akanipa nikipulize. Nikapuliza hadi mashavu yakauma, hewa haikupita. Wavu wote ulikuwa mweusi, mgumu.

"Unaona, mwanangu? Huu ni ukoko. Turbo ilikuwa inakunywa kwa mrija ulioziba."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili. Upande wake mmoja unapigwa na moshi wa moto wa injini. Ukizima gari ghafla baada ya kuikimbiza, oili iliyobaki humo haitembei tena, inapikwa. Turbo hii ina mkondo wa maji ya rejeta pia, unasaidia, lakini oili duni haihitaji moto mwingi ili iungue na kushika kama wali chini ya sufuria.

Mzee akaishika shafti kwa vidole viwili akaitikisa. Ilicheza kidogo pembeni, akasema hiyo ni kawaida. Akaivuta na kuisukuma, haikwenda mbele wala nyuma. Nikapumua. Tukaweka kichujio kipya na filta mpya ya oili, na ile oili chafu akaimimina kwenye galoni. Kuna jirani yake anapaka nguzo za zizi, mchwa wasile.

Oili ya pili niliichagua mwenyewe kwa ujuaji. Kwenye gari mlikuwa na kitabu chake cha Kijapani. Sisomi Kijapani, ila 5W-30 naiona. Nikanunua 5W-30 sintetiki, jina kubwa, dumu zuri. Asubuhi gari ikawa inawaka kimya na inakwenda nyepesi. Lakini kupanda kutoka Dumila hadi Gairo mwezi wa kumi na moja, nyuma ya malori, jua la saa nane, nilisikia harufu ya oili inayoungulia kwenye ekzosi. Kava za valvu zilikuwa zinatoa jasho, na oili hii nyepesi ilijua pa kutokea. Kilomita 2,200 baadaye, lita nzima haikuwepo.

Kosa halikuwa la oili. Nyingi za 5W-30 za siku hizi zinatengenezwa ziwe laini kwenye joto kali ili gari ibane mafuta, na injini mpya inazipenda. Yangu si mpya.

Ya tatu, ambayo ndiyo naitolea ushuhuda, ni TotalEnergies Quartz 9000 5W-40. Nikiri kwamba chapa sikuichagua kwa mapenzi. Nilichokuwa natafuta ni maandishi ya nyuma: ACEA A3/B4. Hicho ni kipimo cha Ulaya, na moja ya masharti yake ni kwamba oili ikiwa kwenye nyuzi 150 na inabanwa kati ya vyuma, uzito wake usishuke chini ya 3.5 (kwa kipimo cha mPa·s). Turbo inaishi katika hali hiyo. Dumu hili lilikuwa nacho, pamoja na API SN, na lilikuwa linauzwa kwenye sheli yao wenyewe, kwa hiyo sikuwa na hofu ya kuuziwa dumu lililojazwa uchochoroni. (Madumu yangu matupu nayatoboa kwa msumari kabla ya kutupa. Sitaki kukutana nayo tena dukani.)

Bei inauma. Dumu la lita 4 lilinigharimu zaidi ya mara mbili ya ile 20W-50, na unahitaji chupa ya lita moja ya kuongezea. Ukipata 10W-40 yenye A3/B4 kwa nafuu, kwa baridi yetu hii itakutosha kabisa. Dodoma hakuna theluji ya kulipia 5W.

Nimeshamwaga mara nne, kila kilomita 5,000. Huko nje wanaandika 10,000, lakini hao hawajapita barabara ya vumbi ya Nkuhungu mwezi wa tisa. Kugonga asubuhi kumekwisha. Mluzi umekwisha, ingawa hapo sifa nyingi ni za kichujio. Bado inakula, karibu nusu lita kwa kilomita 3,000. Na jasho la kava halikukauka mpaka nilipobadilisha gasketi. Anayekwambia oili fulani inaziba kila kitu anauza oili hiyo. Kamoshi ka bluu ka sekunde mbili bado kapo siku za baridi.

Kuna tabia mbili nimezishika. Oili naipima asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa sehemu tambarare, kwa sababu injini hizi za kulala, ambazo pistoni zake zimelazwa ubavu, zinadanganya: upande mmoja wa kijiti unaonyesha hivi, wa pili vile. Mimi naamini upande ulio chini zaidi. Ya pili, nikifika Gairo juu sizimi papo hapo. Nashusha kioo, naulizia bei ya viazi vitamu gari ikiwa inanguruma taratibu, dakika moja au mbili, ndipo nazima. Wauza viazi wameshanizoea, wanadhani nabembeleza bei.

Mama ananiuliza kwa nini nisipande treni ya umeme kama wenzangu. Sina jibu la maana. Chupa ya lita moja iko nyuma ya kiti, imebaki robo, na mwisho wa mwezi nashuka tena.